Maji Ndani ya Trekta la Bondeni

Trekta letu lilibakiza saa chache tu liwe chuma chakavu. Lori la Gaspar, mnunuzi wa vyuma, lilikuwa njiani, litafika baada ya sala ya adhuhuri, na wanawake wa chama chetu cha mpunga, huku upande wa ghuba ya Tungue, walishakubali. Wote, isipokuwa mimi. Mvua za kwanza zimeanguka, udongo umelainika, na bila trekta tungelima bonde lile kwa jembe la mkono. Yaani robo yake, na kwa migongo yetu hii!

Aliyewakatisha tamaa ni fundi Ricardo. Alichomoa kile kijiti cha kupimia oili akanionyesha.

"Bibi Nuria, tazama mwenyewe."

Nikatazama. Oili ambayo hutakiwa kuwa nyeusi au rangi ya asali imekuwa nzito, nyeupe-nyeupe, kama tui lililoingia majivu.

"Maji yamechanganyika na oili," akasema. "Maji ya rejeta. Ama junta, ile gasketi ya injini, imeungua, ama injini yenyewe imepasuka. Trekta la umri huu, mama, spea zake utazipata wapi?"

"Na rejeta imepungua?"

Akafungua kifuniko. Maji yako shingoni kabisa.

"Sasa mtungi umejaa, wewe wasema umevuja?"

"Huvuja kidogo kidogo, bibi. Macho hayaoni."

Mimi nilisoma mpaka darasa la nne, na injini sikufundishwa. Lakini mtu akiniambia macho hayaoni, roho yangu haitulii.

"Kitendawili!" nikamwambia.

"Bibi, Gaspar anakuja..."

"Sema tega!"

"Haya, tega."

"Mgeni wangu kaja na maji, maji yakaondoka, yeye kabaki chunguni."

Akakuna kichwa. Wanawake wakaanza kucheka, maana hakuna mwanamke wa pwani hii asiyeijua kazi ile. Tumekulia kwenye chumvi, tukichota maji ya mikokoni na kuyachemsha mpaka chungu kikauke.

"Chumvi," akasema wifi yangu Zainabo, kwa sauti ndogo. Nikashangaa. Wifi huyu akitegewa kitendawili hupiga kelele mpaka kuku wakimbie.

"Ndiyo, chumvi. Fundi, rejeta hii tunaijaza maji ya kisima chetu, na kisima chetu kina chumvi, wewe mwenyewe hukataa kuyanywa. Kama maji yaliyomo kwenye oili yametoka rejeta, yataacha chumvi. Yasipoacha, yametoka kwingine."

Ricardo akaniangalia, kisha akaiangalia injini. "Trekta limesimama siku tatu," akasema polepole. "Maji mengine yatakuwa yamezama chini ya oili. Nikilegeza parafujo la chini, la kumwagia oili, yatatangulia kutoka."

"Basi legeza, mwanangu. Wangoja nini?"

Akaingia chini ya trekta na bakuli. Kweli, yakatangulia maji, kisha ukafuata ule uji mweupe. Tukaengua mafuta yaliyoelea juu. Moto ulikuwa tayari mafigani, nikabandika vikaango viwili: kimoja maji ya rejeta, kingine maji ya kwenye oili. Tukainama wote kama watu wanaosubiri maandazi yaive.

Kikaango cha kwanza kikakauka, kikabaki cheupe ukingoni. Nikagusa kwa kidole: chumvi tupu. Cha pili kikakauka kikaacha weusi wa mafuta, na pembeni alama ya manjano. Chumvi haikuwapo hata chembe.

"Si rejeta!" nikapiga kigelegele.

"Si rejeta," akakubali Ricardo. "Lakini manjano haya ni nini? Kutu haiko hivi."

Mimi manjano yale niliyajua. Ilikuwa zafarani. Nikageuka. "Wifi, mbona umenyamaza leo?"

Zainabo akajifunika uso kwa kanga.

"Nililinywesha."

"Ulimnywesha nani?"

"Trekta! Nilikwenda kwa mwalimu Chamsudine, akaniandikia kombe, aya kwenye sahani kwa zafarani, tukaziosha kwa maji ya mvua. Akaniambia ninyunyize magurudumuni. Mimi nikasema, mgonjwa hanyunyiziwi, mgonjwa hunywa. Nikafungua kile kifuniko cha juu, cha kutilia oili, nikamimina birika zima." Akaanza kulia. "Tumerudi kutoka ukimbizini hatuna kitu ila hili. Niliogopa likatufia kwa uzee."

Ricardo akakaa chini mchangani akacheka mpaka machozi. "Mama Zainabo! Mimi nahukumu injini kifo, kumbe imeshiba dua!"

"Usimcheke," nikasema, ingawa mimi mwenyewe mbavu ziliniuma. "Dua yake ni nzuri. Mdomo tu aliukosea."

Ricardo akainuka mtu mwingine kabisa. Akasugua ule uji kati ya vidole, akautazama juani: hakuna unga wa chuma. "Mlilizima mapema. Halijajila, vyuma havijasagana." Akamwaga oili yote, akabadilisha chujio, akatia oili mpya kidogo, akawasha kwa muda mfupi isafishe njia, akaimwaga nayo. Halafu akaijaza injini oili ya mwisho iliyokuwa katika dumu letu.

Hapo Gaspar akafika, mnyororo begani.

"Shikamooni, kina mama. Ndilo hili? Maskini, mshaliaga?"

"Ngoja kwanza," nikamwambia.

Trekta likakohoa, likatoa moshi, likakohoa tena, kisha likanguruma mpaka mnyororo wa Gaspar ukatikisika. Ricardo akaliacha lipate moto vizuri, akalizima, akangoja, akachomoa kijiti. Oili ilikuwa safi, rangi ya asali mpya, bila hata doa jeupe.

"Bibi Nuria," akasema kwa sauti ya watu wote wasikie, "mimi nilikosea."

Vigelegele vya siku ile nadhani hata kijiji cha Nhica, mbali kule, walivisikia. Gaspar akarudi na lori tupu, akibeba maembe tuliyompa asinune.

Alasiri ileile Ricardo aliliingiza trekta bondeni. Jembe likazama, udongo mweusi ukapinduka, mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Zainabo alitembea nyuma yake pekupeku, kanga imemwanguka mabegani wala haioni, akiimba kwa nguvu zote, na sisi tukimwitikia, mpaka robo ya bonde ikapita, ikapita nusu, na jua bado halijatua.