Mashine Isiyoumwa

Disketi ilirudi kutoka ofisi ya misaada ya Kiriri imefungwa ndani ya mfuko wa nailoni, fundo juu, kama samaki aliyeoza. Prudence, mkunga wa dispensari ya mtaa wa Kinama, aliiweka mezani kwa Sijaona, akajifuta jasho kwa ncha ya kitenge, akabaki amesimama.

"Wameikataa tena, Mama Huseni. Wanasema iko na virusi."

Sijaona hakuigusa. Chumba chake cha kuchapia barua, mtaani Buyenzi, kilikuwa na meza moja, benchi la wateja, na ile kompyuta ya Makintoshi aliyoachiwa na mtawa mmoja wa Ulaya siku vita vilipopamba moto na wageni wakakimbilia uwanja wa ndege. Juu ya mlango alitundika kibao cha rangi nyekundu: MAKINTOSHI. HAPA HAKUNA VIRUSI. Kibao kile ndicho kilichomlisha tangu mumewe afariki. Ng'ambo ya barabara, Anouar alikuwa na mashine mbili za Windows ambazo kila siku ziliugua hili na lile, na wateja wake walivuka barabara mmoja mmoja mpaka wote wakawa wa Sijaona. Naye hakuwa mtu wa kuificha furaha yake.

"Mi nilikuambia, mwanangu," alisema. "Disketi isitembezwe ovyo. Huko kwenu Kinama kuna mambo."

"Ripoti ya dispensari iko mu hii disketi. Kinini ya malaria imekwisha. Serumu ya kutundikia wagonjwa imekwisha. Kesho wanapakia kamyo ya dawa, na kama ripoti yetu haiko, dawa yetu inaenda kwa wengine."

"Wape karatasi."

"Karatasi hawataki. Wanaituma Nairobi kwa mashine. Na sasa wamebandika tangazo kwa mulango: disketi za Kinama hazipokelewi." Prudence aliitazama mikono yake. "Jana mutoto mumoja amenifia mu mikono."

Sijaona alimwonea huruma, lakini huruma yake ilikuwa na kidole cha kunyoosha. Alizoea kuziweka disketi za Kinama kando, ndani ya kopo la maziwa, na hakuna aliyewahi kumuuliza kwa nini.

"Sasa huko kwenu mnaiingiza mu ordinateur, mu mashine ya nani?"

Prudence alimkodolea macho.

"Ordinateur? Mama Huseni, umeme yenyewe tuliiona mwisho kabla ya vita. Nazalisha wamama na taa ya mafuta! Hii disketi inalala mu kabati, karibu na pamba. Inatoka kwako, inaenda Kiriri, inarudi kwako. Basi."

Milio ya bunduki ilisikika kutoka milimani, mbali kidogo. Barabarani hakuna aliyeinua kichwa, ila miguu ya watu iliongeza mwendo. Sijaona aliigeukia mashine. Akaizima, akaiwasha. Akafungua barua, akaifunga. Akachapa mstari mmoja, akaufuta. Ilikuwa nzima kabisa, na huo uzima wake ukaanza kumtia hofu.

Angeweza kumpa Prudence disketi mpya na kunyamaza. Lakini hata hiyo mpya ingepitia wapi?

Aliificha disketi ndani ya kanga, akamshika Prudence mkono, wakavuka.

"Leo umenikumbuka, dada?" Anouar alisema, bila hata kuinuka kitini.

"Ipime hii. Maneno baadaye."

Mashine ya Anouar ilimeza disketi, ikakoroma, kisha ikapiga mlio mkali wa kukera. Anouar aliinama karibu na kioo.

"Iko mu ripoti yenyewe. Si Kinama hii, dada. Ni ule ugonjwa unaokaa ndani ya maandishi."

"Mashine yangu haiumwi, Anouar."

"Haiumwi, kweli. Lakini inabeba. Kila kitu unachoandika kinaondoka na huo ugonjwa, na kikifika kwa Windows ndiyo unaanza kuharibu. Yako ilikuwa inahitaji dawa sawa na zangu. Ni vile tu zangu zinalia." Akasugua kidevu. "Na we ulinicheka mwaka mzima."

"Nilikucheka," Sijaona alisema. Aibu ilimpanda mpaka masikioni, na hakuwa na pa kuiweka.

Anouar aliisafisha ripoti, akaipima tena. Mashine ilinyamaza.

"Sasa iko safi. Lakini wale wa Kiriri hawatapima. Wakisikia Kinama, wamemaliza."

Sijaona alikwisha kutoka nje na disketi mkononi, Prudence nyuma yake.

Ofisi ya misaada ilikuwa Kiriri, juu kabisa ya mji, baada ya nyumba zenye maua na walinzi. Mapokezini alikaa kijana aitwaye Armel, shati limenyooshwa vizuri. Alipomwona Prudence alionyesha tangazo mlangoni kabla hata ya salamu.

"Mama, mi nafuata amri. Disketi za Kinama, apana."

"Kinama hawana umeme, mutoto wangu. Hiyo disketi haijawahi kulala mu mashine ya huko. Ugonjwa ni wangu. Mimi ni Sijaona wa Buyenzi."

Armel alikunja uso. "Yule wa kibao? Lakini na sisi tulichapisha barua zetu kwako, wakati mashine zetu zimekufa."

"Basi na zile zipimeni."

Armel aliichukua disketi, akaitumbukiza kwenye mashine yake. Walingoja wote watatu, Prudence midomo ikisali bila sauti. Mlio haukuja. Armel aliitoa disketi, akaiweka pamoja na zile za kutumwa siku hiyo.

"Kesho tunapakia. Kama barabara iko wazi."

"Na tangazo?"

"Hilo liliandikwa na chef, mukubwa wetu. Mi siwezi kuligusa."

Sijaona alichukua kalamu ya bic mezani kwa Armel, akaenda mlangoni. Akalikata neno *Kinama* kwa mistari mizito, na juu yake akaandika: *Sijaona, Buyenzi*. Herufi zilipanda mlima. Armel aligeuka akatazama dirishani mpaka alipomaliza.

Walipofika kwenye njia ya kuteremka, Prudence alisimama.

"Sasa nani atakuletea kazi?"

"Kimbia wewe, bariyeri ya askari barabarani itafungwa."

Huko Buyenzi, Sijaona aliwakuta wateja wake wamejipanga chini ya kibao, kila mmoja na disketi yake mkononi. Aliwapita, akapanda juu ya benchi, akakivuta kibao kwa mikono miwili mpaka misumari ikaachia. Ukutani pakabaki pande moja safi ambalo jua na vumbi havijawahi kulifikia.

"Leo siandiki," aliwaambia. "Leteni disketi zenu. Tunaenda kwanza kwa Anouar, zikapimwe."

Hawakumwelewa, ila walimfuata. Nyuma yao mashine, ambayo alisahau kuizima, iliendelea kuvuma taratibu ndani ya chumba kitupu, nzima kabisa.