Barua ya Wakili kwa Jogoo

Mimi si mtu wa kujificha. Ninachosema nyuma yako naweza kukusemea usoni, muulize yeyote mtaani kwetu Utemini. Lakini ile tovuti ya jogoo niliiandika kwa kujificha, na sababu ilikuwa mama yangu.

Mama yangu, Raheli, alikuwa na presha. Daktari alimwandikia vidonge vya kila siku, naye akavimeza miaka minne bila maneno. Kisha akajiunga na Nyumba ya Mafuta Saba, kundi la Baba Simeoni lililokuwa likisali kwenye ghala la zamani la alizeti nje kidogo ya mji wa Singida. Miaka ile serikali ilikuwa imeruhusu kila kitu: redio binafsi, benki binafsi, na mitume binafsi nao wakajitokeza. Baba Simeoni alifundisha kwamba anayemeza kidonge amemtukana Mungu. Yeye alikuwa anakupaka mafuta kwenye paji la uso, basi, umepona.

Mama akarudi nyumbani, akachukua vidonge vyake vyote na kuvitupa chooni.

"Mama, utakufa," nikamwambia.

"Janeth, imani yako ni ndogo," akanijibu.

Miguu ikaanza kumvimba. Kichwa kikawa kinamuuma mpaka anafunga madirisha mchana kweupe. Nikabembeleza, nikalia, nikagomba. Wapi! Hasikii la mwadhini wala la mteka maji msikitini. Nilikuwa namwona mama yangu anakwenda, naye anaimba.

Sasa mimi nilikuwa na duka la kuchapa barua, kutoa kopi na intaneti. Kompyuta tatu, dishi juu ya bati. Nyumba ya Mafuta Saba walikuwa na tovuti yao ya kuwaonyesha wafadhili, picha za watu wakitupa magongo na Baba Simeoni kanyoosha mkono. Nikaitazama siku moja, hasira ikanipanda. Nikasema, haya, kama hamwambiliki, mtachekwa. Wiki nzima nikatengeneza ya kwangu, rangi zile zile, maandishi yale yale. Nikaiita Nyumba ya Kuku Saba.

Mkuu wake alikuwa jogoo. Alikuwa anawapaka kuku wenzake mafuta ya alizeti wapone kideri. "Ukipona, ni upako wangu," alihubiri. "Usipopona, ni imani yako. Ukifa, umepandishwa daraja." Na mstari mmoja niliuongeza kwa uchokozi tu, sikuwa najua lolote: jogoo mwenyewe akikohoa, hupelekwa kwa bwana mifugo kwa gari, vioo vimefungwa.

Jina langu sikuweka. Niliweka anwani ya barua pepe tu. Ndani ya mwezi mmoja makarani wa mkoa walikuwa wanakuja dukani kwangu kumsoma jogoo, wanacheka mpaka wanapiga meza. Mimi nimekaa kimya, natoa kopi.

Alhamisi moja akaingia Mwalimu Philipo, katibu wa kundi. Mwalimu mstaafu, suti ya kaki, kalamu mbili mfukoni.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Kuna mhalifu anatukashifu kwenye mtandao. Wakili wetu wa Dar es Salaam ameandika barua ya onyo, imekuja kwa faksi, haisomeki vizuri. Uichape upya, maandishi makubwa, nakala arobaini. Na ile takataka yenyewe uitoe kwenye karatasi, ni kielelezo. Jumatatu nitakuja tuitume kwa mhalifu. Anwani yake hii hapa."

Akanipa anwani yangu.

Nikakaa, nikachapa. Mimi kazi ni kazi. Barua ya kunitisha mwenyewe niliichapa bila kugusa hata nukta. Ndani ya siku kumi na nne nijitaje, niombe radhi magazetini, nifute tovuti, la sivyo mahakama na polisi, na vyombo vyangu vyote vikamatwe. Nikafika kipengele cha nne. Nikasoma mara ya kwanza. Nikasoma mara ya pili. Nikamtazama Mwalimu.

"Mwalimu, na hiki cha nne kiende hivi hivi?"

"Wewe binti una elimu ya sheria?"

"Sina."

"Basi usiguse maneno ya wakili. Chapa."

Nikachapa.

Kundi lile lilikuwa na utaratibu wake: hakuna barua inayotoka kwa jina la Nyumba kabla haijasomwa mbele ya waumini wote na kuitikiwa amina. Jumapili nikamwambia mama nitamsindikiza ibadani. Alifurahi, maskini, akadhani nimeokoka. Tukakaa benchi la nyuma, miguu yake imevimba mpaka kandambili zinambana.

Baba Simeoni alikuwa mbele kwenye kiti chake. Mwalimu Philipo akasimama, akavaa miwani. "Ndugu waumini, mtasikia matusi. Msicheke." Akaanza kusoma kielelezo. Mtu aliyefundisha miaka thelathini hawezi kusoma vibaya. Maneno ya jogoo aliyasoma kwa sauti ya jogoo kabisa. Waliokatazwa kucheka wakaanza kubana midomo. Akafika kwenye kuku mmoja mzee, mkaidi, aliyetupa dawa zake chooni, halafu akawa anatembea huku anaimba na miguu imemvimba kama viazi. Hapo ghala lote likapasuka. Mama naye alicheka, mkono mdomoni, mabega yanaruka. Kisha mkono ukashuka, akatazama miguu yake. Hakucheka tena.

Kuandika kitu ni rahisi, kukaa kando ya mtu uliyemwandika ni jambo lingine.

"Kimya!" Mwalimu akachukua barua ya wakili. Kipengele cha kwanza, amina. Cha pili, amina. Cha tatu, amina. Akasoma cha nne kwa sauti ile ile nzito: "Mmeingilia faragha ya mteja wetu kwa kutangaza safari zake za kila mwezi kwenda hospitali ya Kiomboi kupima shinikizo la damu, pamoja na vidonge anavyotumia kwa ushauri wa daktari, mambo ambayo ni siri yake binafsi."

"Amina," wakaitikia, kwa mazoea.

Mama yangu akanyoosha mkono.

"Mwalimu, samahani. Shinikizo la damu ndiyo presha hii yetu?"

Swali likiulizwa, mwalimu hujibu. Ndiyo malezi yake. "Ndiyo presha hiyo hiyo," akasema, na hapo ndipo alipoyasikia aliyoyasoma. Akaishusha karatasi. Watu wakageuka kumtazama Baba Simeoni. Baba Simeoni alikuwa anatazama mlango. Alipousoma ule mstari wa jogoo kupelekwa kwa bwana mifugo, alidhani kuna mtu aliyemwona Kiomboi, akaenda kumlilia wakili kwa jambo ambalo hakuna aliyelijua. Wahenga walisema mficha maradhi kilio kitamfichua. Huyu alimlipa wakili amfichue.

Hakuna aliyepiga kelele. Watu waliinuka mmoja mmoja wakatoka.

Njiani jua lilikuwa kali. Mama alitembea polepole. Tulipofika kwenye kona ya kwetu akasimama.

"Yule kuku aliyetupa dawa ni mimi?"

Ningeweza kukana. Hakuna aliyejua.

"Ni wewe, mama."

"Na jogoo ni wewe uliyeandika."

"Ni mimi."

"Watu wamenicheka sana, Janeth."

"Nisamehe, mama. Niliogopa utakufa, na ulikuwa hunisikii." Nikalia palepale barabarani, mtu mzima mimi.

"Nyamaza, watu wanatutazama," akasema. "Mimi pia nilicheka. Nilimcheka yule kuku, nikasema huyu ni mjinga kweli. Kumbe." Akanishika mkono.

Jumatatu asubuhi Mwalimu Philipo alipita dukani kuniambia barua isitumwe. Hakunitazama machoni. Nikafunga duka.

Hospitalini tulikuta foleni ndefu, benchi limejaa, wanaume kwa wanawake. Nesi alimfunga mama ile kamba ya kupimia, akaangalia, akapima tena. Uso ukambadilika.

"Bibi, presha iko juu mno! Ulikuwa hutumii dawa? Ulizipeleka wapi?"

Nikafungua mdomo nimwambie taratibu, tusimwaibishe mzee wa watu. Mama akaniwahi, kwa sauti ya kusikika mpaka kwa waliokaa nje chini ya mti.

"Nilizitupa chooni, binti yangu. Mkoa mzima unajua, imeandikwa kwenye kompyuta. Nipe nyingine."