Bati la Mzee Kiema

Mzee Kiema alikuwa ameshakata tamaa aliporudisha pikapu yake Ijumaa ile asubuhi. Aliizima katikati ya uwanja wa gereji yetu ya Dandora, akashuka, akafunga mlango polepole kama anayetoka chumba cha mgonjwa.

"Ruqiyo anakuja na lori saa sita," alisema. "Kama taa hazijapona, anaibeba iende kuyeyushwa. Mimi sirudi tena kwa mkaguzi wa magari kuaibishwa mbele ya watu."

Sote tulimjua Ruqiyo, mnunuzi wa vyuma chakavu kutoka Eastleigh. Alichobeba hakikurudi.

Pikapu ilikuwa na miaka thelathini na minane. Ilikuwa imebeba magogo ya muhugu tangu Mzee alipoanza kuchonga vinyago Pumwani, na ilikuwa imempeleka mkewe kujifungua mara nne. Injini yake ilinguruma bila kukohoa. Ugonjwa ulikuwa nyuma. Ukikanyaga breki, taa nyekundu hazikuwaka. Badala yake zile ndogo za mbele zilitoa mwanga hafifu, kana kwamba gari limesikia amri likakosea mlango. Ukiwasha indiketa ya kulia, taa zote za nyuma zilipepesa.

Mafundi wawili walikuwa wamekwisha kushindwa. Opicho alibadilisha balbu na fyuzi zote. Wakoli, mkuu wa gereji, alibadilisha swichi ya breki, kisha akatangaza kwamba uzee hauna dawa.

"Hii gari imerogwa," alisema Opicho. "Na Mzee wewe ni Mkamba, hiyo mambo mnajua wenyewe."

"Na wewe ni Mluhya," akajibu Mzee Kiema. "Hii shida ingekuwa kuku, ungekuwa umeishika na kuila kitambo."

Hata Wakoli alicheka. Mimi nilikuwa nimeshachukua testa, kile kibalbu chenye nyaya mbili tunachopimia umeme, nikapiga magoti nyuma ya pikapu.

"Haya, injinia ameamka," Opicho alisema. Aliniita hivyo tangu siku nilipofika na diploma yangu ya umeme wa magari, na hakuwa akinisifu. Miaka miwili nilikuwa nimepewa betri za kuchaji na honi za kufunga. "Nekesa, si ufungue kitabu kwanza?"

"Kitabu nilimaliza. Wewe shika tochi."

Nilimwomba Mzee akanyage breki. Nikaunganisha waya mmoja wa testa na upande hasi wa betri kwa kipande kirefu cha waya, wa pili nikaugusisha mahali umeme unapoingilia taa. Kibalbu kikawaka vizuri. Kisha nikauondoa ule waya wa betri, nikaugusisha kwenye kikombe cha chuma kinachoshika balbu. Giza.

"Umeme unafika," nilimwambia Wakoli. "Haurudi."

"Ethi iko sawa," alisema bila kuinama. "Taa zimefungwa kwa bati. Bati limeshikana na bodi, bodi na betri. Umeme unarudi kwa chuma, Nekesa. Gari zima ni ethi."

Hapo alisema kweli. Magari ya umri ule mengi hayakuwekewa waya wa kurudisha umeme kutoka taa za nyuma. Chuma chenyewe ndicho njia, ndicho ethi. Lakini testa ilikuwa imesema kweli pia. Nilichukua msasa nisugue rangi karibu na taa, nitafute kutu iliyoziba njia.

"Usikwaruze rangi yangu," Mzee Kiema alisema. Sauti yake ilikuwa kali kuliko jambo lenyewe.

Nikaingia chini ya gari. Nilikagua boliti za chesisi moja baada ya nyingine, nikakaza zote, na taa zikabaki vilevile. Nilipotoka, moshi wa jaa la taka la jirani ukinichoma macho, lori la Ruqiyo lilikuwa langoni.

Ruqiyo hakuwa mtu wa maneno mengi. Alitusalimu, akatoa sumaku yake kubwa iliyofungwa kamba, akaanza kuipitisha kwenye pikapu kupima chuma kizuri kilichobaki. Sumaku ilinasa mlangoni, ikanasa ubavuni. Alipofika nyuma, kwenye bati lililoshika taa, ilianguka chini.

Akaiokota, akaigusisha tena. Ikaanguka tena. Akagonga kwa kidole.

"Mzee, hii ni mbao," alisema. "Mbao mimi sichukui."

Tulimgeukia Mzee Kiema. Alikuwa akitazama viatu vyake, lakini pembeni mwa mdomo kulikuwa na tabasamu.

"Bati lilioza," alisema. "Nikachonga lingine kwa muhugu. Na boliti zake, na maandishi yake. Nikapaka rangi ya gari. Hakuna mtu amewahi kujua."

"Lini, Mzee?"

"Pasaka."

"Na taa zilikufa lini?"

"Pasaka," alisema tena, akaligeukia lile bati.

Kazi njema ile ilikuwa imewadanganya mafundi watatu, nami nikiwa mmoja wao. Mbao haipitishi umeme. Sikungoja tuizungumzie. Nilichukua waya mweusi, ncha moja nikaishikiza kwenye kikombe cha balbu, nyingine kwenye chuma kitupu cha chesisi.

"Kanyaga breki, Mzee."

Wekundu ulinipiga usoni. Nikafunga waya wa pili upande wa pili. Indiketa ya kulia ikapepesa peke yake, ya kushoto ikangoja zamu yake. Mbele, taa ndogo zilikaa kimya kama inavyotakiwa. Muhugu haukuguswa hata kwa ukucha.

Ruqiyo alizungusha kamba kwenye sumaku yake. "Nani alitengeneza?"

"Tulishuku ethi tangu mwanzo," Wakoli alianza.

"Tulishuku nani?" nikamuuliza.

Wakoli alikohoa. Opicho aliangalia juu. "Nekesa," akasema Wakoli mwishowe. "Ni Nekesa."

"Basi Jumatatu namletea lori langu," Ruqiyo alisema. "Yeye. Si nyinyi."

Mzee Kiema alikuwa ameshawasha injini aende kwa mkaguzi. Alipofika langoni hapakuwa na gari mbele yake wala mtu wa kupisha. Alikanyaga breki hata hivyo, mara tatu, ndipo akaingia barabarani.