Dirisha la Mkwe

Fundi mkuu wa kiwanda cha maboksi alikuwa mama wa watoto watatu, wote watu wazima, na sikio lake lilisifika kuliko kifaa chochote. Siku tatu mfululizo aligusisha bisibisi kwenye giaboksi, sanduku la gia, ya mashine ya kukunja, akabana mpini sikioni, akasema, "Kuna jino la gia linalia humu."

Meneja hakuwa tayari kuzima mashine kwa sababu ya sikio. Ndipo mama alipompigia simu mkwe wake, mume wa binti yake mkubwa, mchambuzi wa data.

Mkwe akaja, akabandika kihisi cha mtetemo kwenye giaboksi, akarekodi sekunde mbili, akafungua kompyuta juu ya pipa. Grafu ya kasi za mitetemo ikaonyesha mlima mmoja tu, miguu yake imetawanyika huku na huku.

"Ni gia zinasagana kawaida, mama," alisema kwa unyonge. "Sioni kingine."

Meneja akatabasamu. Mama akarudisha bisibisi kwenye giaboksi, akasikiliza tena.

Mkwe akaitazama tena rekodi. Ilianza wimbi likiwa juu, ikakatika likiwa chini.

"Nisamehe, mama, nimeikata ovyo! Kompyuta inadhani kipande hiki kinajirudia bila mwisho. Mwisho na mwanzo havikutani, wimbi linaruka ghafla, na mruko huo ndio unaoumwaga mlima kote kote."

"Sasa unafanyaje?" mama akauliza.

"Naweka dirisha. Linafifisha mtetemo taratibu kwenye ncha zote mbili mpaka sifuri, katikati linauacha ulivyo."

Akabonyeza. Kilele kikanenepa kidogo, lakini ile miguu ikanywea, na kila upande wa mlima kikachomoza kilima kidogo, umbali sawasawa! Akapima umbali huo.

"Ishirini na moja kwa sekunde!"

"Gia ndogo!" mama akapiga kelele. "Hiyo ndiyo kasi yake, mizunguko ishirini na moja!"

"Basi kila ikizunguka mara moja, jino moja linagonga vibaya!"

Meneja mwenyewe ndiye aliyekimbilia swichi. Umeme ulipokatwa na kifuniko kufunguliwa, mama akapapasa jino moja baada ya jingine, akasimama kwenye la tisa, akaangua kicheko. Ufa ulikuwa umekula shina lake zaidi ya nusu.

"Lingekatika wiki hii hii," alimwambia meneja, kisha akamshika mkwe mkono. "Beba kompyuta, mwanangu, twende haraka. Ile mashine ya gundi nayo siiamini hata kidogo."