Wote Wametoka

Kazi ya kwanza ya asubuhi pale uwanjani ilikuwa kupangusa helmeti kwa ndani, kwa kuwa mgeni wa leo hapendi kuvaa jasho la mgeni wa jana. Mkia aliifanya akiwa amekalia ndoo iliyopinduliwa, kitambaa chenye sabuni mkononi, na nyuma yake pikipiki za magurudumu manne zimepangwa mstari zikinguruma polepole ili zipate moto. Akimaliza hapo aliyabonyeza matairi kwa kisigino, akawatafutia wageni buti za mpira za kuwatosha, na akawaonya kwamba mashine ikilala upande mtu asithubutu kushusha mguu. Yote yakiwa tayari, Kijiti, kiongozi wa msafara, alitokea ndani ya msitu akiwa ametapakaa matope tangu utosini hadi ukuchani. Alikuja mpaka kwenye mti wa kwanza, hakuvuka hapo, na Mkia akampelekea mashine ya mbele. Kijiti alikuwa amekufa tangu mvua zilipoanza, lakini hakuwahi kuchelewa kazini. Wapo walio hai wasioweza kusema hivyo.

Jina la Kijiti alipewa kwa wembamba wake, na pia kwa sababu hakuingia msituni bila fimbo ya kuchovya kwenye madimbwi kupima kina. Mkia aliitwa Mkia kwa kuwa ndiye aliyefunga msafara. Walikuwa mashemeji: Kijiti alimwoa dada yake Mkia, fundi wa mapazia, na wote wawili walikula kwa huyo fundi kila jioni.

Kazi yao ilikuwa na kanuni moja, na Kijiti mwenyewe ndiye aliyeiweka, baada ya mgeni mmoja kusahaulika ndani na kukutwa amekaa kwenye gogo akilia kama mtoto aliyenyang'anywa andazi. Kiongozi huingia wa kwanza, na hatoki msituni mpaka mashine zote zitoke. Anayehakikisha ni mtu wa mkiani. Yeye hutoka, hugeuka nyuma kutazama njia, kisha huminya kitufe cha redio na kusema neno moja: "Wote." Meneja, kule ofisini, hujibu "Sawa," na chai ya wageni hutengwa.

Siku aliyokufa Kijiti, mvua ilikuwa imenyesha mfululizo. Njia ya msituni ina matope mekundu ambayo wageni huyalipia na kuyapenda, lakini huko chini bondeni kuna kinamasi cha matope meusi, na njia inakipita katikati. Kijiti alisimamisha msafara, akachovya fimbo yake ukingoni. Fimbo ikaingia yote, na mkono wake ukafuata hadi kwenye kiwiko. Akashika redio.

"Hapapitiki. Nawageuza."

"Hawa ni watu wa kampuni kubwa," Meneja akasema. "Wamekuja kuchafuka, hawakuja kugeuzwa. Tangulia wewe wakuone, watakufuata."

Kijiti alitangulia, wakamwona. Mashine ilizama taratibu, bila kishindo, na yeye juu yake, mguu umebanwa chini ya kikanyagio. Mkia alirusha kamba mpaka mabega yakamlegea. Helmeti ilipotoweka, mgeni mmoja akauliza kama kuna njia nyingine ya kurudi. Ilikuwepo. Mkia akawapitisha.

Alipotoka msituni aliminya kitufe na kusema kwamba mashine moja imebaki ndani, na mtu wake.

"Sikukusikia," Meneja akasema. "Hebu sema tena vizuri."

Mkia alikuwa na kodi ya chumba, na aliogopa kumwaga unga kuliko alivyoogopa kitu chochote duniani. Akatazama njia. Akasema, "Wote."

Kesho yake asubuhi Kijiti alikuja kazini. Meneja alimwona kupitia dirishani, akafurahi. "Mnaona?" akawaambia watu wa ofisi. "Nyie mna haraka sana ya kulia."

Mke wa Kijiti alipewa habari na mdogo wake, Mkia, aliyesimama mlangoni akiogopa kuingia na buti. Alikuwa anashona upindo wa pazia. Alisimamisha mguu kwenye cherehani, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akaumalizia ule upindo kwa sababu mwenye pazia alikuwa njiani anakuja. Alisubiri machozi na machozi hayakuja. Alijisikia kama mtu aliyeukalia mguu wake mpaka ukafa ganzi, ila kwake ganzi ilikuwa ya mwili mzima. Wateja waliomjua walisema amejikaza kisabuni. Hakuwa amejikaza, hakukuwa na kitu cha kukaza.

Jambo moja tu alilitaka, kumzika mume wake. Akaenda ofisini kwa Meneja, ofisi yenye picha za wageni wenye matope usoni wakicheka ukuta mzima.

"Nimekuja kumchukua mume wangu nikamzike."

"Karibu kiti, shemeji," Meneja akasema, naye alikuwa mtu wa maneno mazuri. "Sasa mtu aliyeripoti kazini leo nitakupaje ukamzike?"

"Amekufa."

"Sikatai. Lakini amekuja. Marehemu gani hajakosa kazini hata siku moja?"

"Basi toeni ile mashine kinamasini. Ikitoka, naye atatoka."

Meneja alieleza kwa upole kwamba kuitoa mashine kungehitaji trekta, trekta lingeharibu njia, na huu ndio msimu wenyewe wa matope. Halafu wageni walikuwa wamempenda Kijiti kuliko zamani. Walipiga naye picha. Njia aliijua hata gizani, hakuomba ruhusa, hakunung'unikia chakula cha mchana. Meneja alimsindikiza yule mama mpaka mlangoni, akamshukuru kwa kumlea mtu mchapakazi namna ile.

Kutoka hapo alikwenda kwenye mti wa kwanza. Msafara ulikuwa umerudi, na Kijiti alikuwa amesimama upande wake wa mti, fimbo mkononi, akiangalia mashine zikipigwa maji ya mpira uwanjani.

"Twende nyumbani," mkewe akasema.

"Mashine moja bado."

"Ipi?"

"Yangu."

"Kanuni uliiweka mwenyewe. Itengue."

"Nikiitengua mimi, nani ataifuata?" Akafikiri kidogo. "Mlango wa uani bado unakwama?"

"Bado."

"Upake sabuni kwenye bawaba."

Mkewe alichukua kipande cha kitambaa cha pazia akamfuta uso. Chini ya matope kulikuwa na matope. Akafuta tena, akakuta mengine, mpaka kitambaa kikajaa. Akakikunja, akarudi nyumbani.

Jioni ile Mkia alipokuja kula, dada yake hakumpakulia kwanza.

"Siku ya mapumziko utaleta mashine mbili na ile winchi ya kuvutia zilizokwama," akamwambia. "Tutamtoa."

"Dada, Meneja akijua nimekwisha."

"Wewe ndiye uliyesema 'Wote'. Utakwenda ukaifanye iwe kweli."

Mkia akakubali. Alimpenda dada yake na alimpenda shemeji yake, hilo lazima lisemwe. Uongo ule ulikuwa umemsumbua tangu siku ile.

Siku ya mapumziko walikwenda wawili, kaka mtu na dada mtu, kila mmoja na mashine yake. Dada alikuwa hajawahi kuendesha, lakini kwa mguu uliozoea cherehani hakupata taabu. Njiani matope mekundu yalimrukia hadi kwenye nyusi. Kijiti aliwangoja ukingoni mwa kinamasi. Waliifunga winchi kwenye shina la mti mkubwa, wakavuta waya, na Kijiti akaingia nao mwenyewe kuitundika ndoano, maana ndiye aliyejua mashine ilipolala. Waya ulikazika ukalia. Matope yaliikatalia mashine kwa muda mrefu, kisha yakaiachia mara moja kwa sauti ya mtu anayekunywa uji wa moto. Ikatoka kinyumenyume, nyeusi tititi.

Waliiburuta hadi uwanjani. Mkia alitoka wa mwisho, akageuka kutazama njia. Ofisi ilikuwa imefungwa na hakukuwa na wa kumsikia, lakini aliminya kitufe.

"Wote," akasema, na akalia.

Kijiti alimkabidhi fimbo. Akauvuka mti wa kwanza, akatembea na mkewe mpaka nyumbani wala hawakuongea mengi. Uani mkewe akamwogesha, na safari hii matope yalitoka. Chini yake alikuwepo mume wake, mwembamba vilevile, na kovu lake dogo kidevuni. Kijiti akaingia ndani, akajilaza kitandani upande wake wa siku zote, akanyamaza. Hapo ndipo machozi yalipomjia mkewe. Alilia kwa sauti, akalia mpaka majirani wakaja, na kati ya kwikwi na kwikwi alisikia kitu kinachofanana sana na raha.

Walimzika mchana nyuma ya nyumba, ndani ya shuka jeupe aliloshona mkewe kwa kitambaa kizito kuliko vyote alivyokuwa navyo. Meneja alikuja na miwani nyeusi. Alisema kampuni imepoteza nguzo. Watu walimsifu kwa kuja.

Siku zilizofuata mjane alilala usingizi wa kweli. Alianza kuhisi mambo madogo, ubaridi wa sakafu, harufu ya mafuta ya cherehani. Alipaka sabuni kwenye bawaba za mlango wa uani na ukaacha kukwama.

Uwanjani mambo yaliharibika. Mkia aliwekwa mbele, na siku ya kwanza akawatokeza wageni kwenye jalala la mji. Siku ya pili walizunguka gogo moja mpaka mafuta yakakaribia kwisha. Wageni walimuulizia yule kiongozi wa matope. Meneja akamwita Mkia ofisini na kumwonyesha, kupitia dirishani, mashine ya Kijiti iliyokuwa imeoshwa na kuegeshwa peke yake.

"Mbele umeshindwa," akasema. "Mkiani nina kijana mwingine anaomba. Wewe unadhani nikuweke wapi?"

Mkia alitazama vidole vyake.

"Sikulazimishi," Meneja akaendelea, kwa ile sauti yake nzuri. "Lakini mashine ile mimi siihitaji hapa. Ni vizuri kitu kirudishwe kilikotolewa. Kanuni haikuwa yangu, ilikuwa yake."

Asubuhi iliyofuata, kabla ya kupangusa helmeti, Mkia aliipanda mashine ya shemeji yake akaishusha bondeni. Injini ilikuwa imetengenezwa na ilikwenda vizuri. Ukingoni alishuka, akaelekeza usukani katikati ya kinamasi, akaweka gia, akaiachia. Ilizama taratibu. Alisubiri mpaka usukani ulipofunikwa kabisa, maana hakutaka kazi ya kurudia. Kisha akarudi, akapindua ndoo, akakaa, na kuanza helmeti ya kwanza. Alikuwa hajaifikia ya mwisho Kijiti alipotokea penye mti, mweusi mwili mzima, akanyoosha mkono kuomba fimbo yake.

Mjane alikuwa amekwishajua. Alipofungua mlango wa uani kwenda kuanika nguo aliona udongo wa kaburi umesogezwa pembeni kwa utaratibu, na lile shuka limekunjwa mara nne, pembe kwa pembe, kama Kijiti alivyokunja kila kitu maishani. Nyayo zilielekea msituni. Hakupiga yowe. Ganzi ilianzia miguuni, ikapanda, naye akaisimamia ikipanda. Akalikung'uta shuka, akalifua, akalianika, na lilipokauka akaliweka kabatini mahali pa karibu.

Jioni Mkia alikuja kula kama kawaida. Alivua buti mlangoni na kuziweka pale zinapowekwa siku zote. Zilikuwa na matope meusi hadi kwenye vifundo. Dada yake aliziangalia muda mrefu, kisha akaenda kupakua.

"Kazi ilikuwaje?"

"Nzuri. Shemeji amerudi."

"Nimeona."

Mkia alikula akiwa ameinamia sahani. Kutwa nzima alikuwa amejitayarisha kwa matusi, hata kwa kofi, na angeshukuru kupata kimojawapo. Dada yake alikaa mbele yake, mikono juu ya meza, uso mkavu.

"Wote mmetoka?" akamuuliza.

Mkia alitafuna alichokuwa nacho mdomoni mpaka kikaisha.

"Wote, dada."

"Sawa," dada yake akasema, akamwongezea mchuzi.