Kwaruza Kabla ya Kukata

Usiku wa jana niliota, na kwa hasira nilizolala nazo sishangai. Baba yangu mdogo, Mbogoni, kaleta saruji ya kaburi wakati baba bado anapumua chumba cha pili! Kweli baba wiki nzima hajasema neno, lakini ndiyo aletewe saruji? Mimi ninayemuuguza peke yangu miaka yote sikuulizwa.

Kwenye ndoto niko bustanini kwa baba, kwenye mawe aliyoyabeba mwenyewe kutoka mlimani. Ameotesha maua ya porini, yale yanayokauka kiangazi na kuchipua tena mvua ikinyesha. Baba naye kapandwa katikati, kokoto mpaka magotini.

Waridi la jangwani limeshika mkasi.

“Shikamoo,” nasema.

“Marahaba. Lililokauka hukatwa ili mengine yachanue. Ndivyo baba yako alivyotufundisha. Kwenu aliyekauka nani?”

Baba mdogo, sijui kaingilia wapi, anamnyooshea baba kidole.

“Hajakauka!” nafoka. “Anasubiri mvua. Na baba alifundisha pia mkwaruze kwanza. Chini ya ganda pakiwa kijani, haliguswi.”

“Alisema hivyo, nilikuwepo,” linasema jiwe moja.

Mara tuko wodini, kokoto zimejaa kitandani. Namkwaruza baba mkono kwa ukucha. Kijani kibichi, Mungu wangu! Nalia kwa furaha. Baba mdogo naye anakwaruzwa. Kijani, tena kinang’aa. Naudhika sana.

“Mkasi ukishatolewa haurudi bure,” linasema waridi. “Lete mkono wako.”

“Mimi mzima! Si ndimi ninayemuuguza?”

“Ndiyo maana tunataka kuona.”

Linanikwaruza. Kahawia. Linaingiza mwiba ndani zaidi. Kahawia, pakavu kama kuni.

“Pole, dada,” linasema, na kufungua mkasi.

Niliamka nikipiga kelele. Kumekucha. Nikakimbilia chumbani kwa baba, nikamkuta macho, anautazama mkono wake. Palikuwa na mchubuko mpya, mwembamba, upana wa ukucha.

“Mbeleje,” akaniita.

Wiki nzima, na neno la kwanza jina langu! Nikaangua kilio. Akanishika mkono, akaugeuza, akanikwaruza taratibu kwa ukucha wake. Akapatazama kwa muda mrefu.

“Kunywa maji, mwanangu,” akasema.