Kijani cha Uyoga wa Sumu

Nakala ya tatu ilipotoka kwenye printa, mhadhiri aliishika kwa ncha za vidole viwili, kama mtu aliyekabidhiwa samaki asiyemwamini, akaenda nayo mlangoni kwenye jua. Alikuwa na kanuni aliyowafundisha wanafunzi wake kwa miaka ishirini na minane: rangi huhukumiwa kwenye mwanga wa mchana, si chini ya taa. Alisimama kizingitini, akainamisha kichwa kulia, kisha kushoto, halafu akarudi ndani na uso wa mtu aliyepokea habari za msiba wa mbali.

"Bado," alisema. "Ina unjano. Kwenye skrini haina unjano huo."

"Shemeji," alijibu mpiga chapa bila kuondoa macho kwenye kompyuta, "hata mimi kwenye skrini sina makunyanzi."

Mpiga chapa huyo alikuwa mdogo wa mke wake. Mtaa mzima ulimwita Mama Wino, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuviona vidole vyake vikiwa na rangi moja. Tangu dada yake alipoolewa, hakukosa hata siku moja neno la kumtania shemeji yake, naye mhadhiri hakupata hata siku moja kushinda. Ila leo hakuwa na moyo wa kujibu.

Alikuwa na sababu. Muuguzi mkuu angepita saa kumi alasiri kuchukua mabango mia mbili ya uyoga na kuyasambaza kwenye zahanati, na mvua zilikuwa zimeanza juzi. Mwaka uliopita mhadhiri alitoa bango kama hilo kwa rangi nyeusi na nyeupe, maana idara yake haikuwa na printa nyingine. Lilibandikwa jikoni katika nyumba nyingi. Katika mojawapo ya nyumba hizo watu watatu waliokota uyoga, wakaulinganisha na picha yake, wakaupika na kuula, kisha wakalazwa siku kumi na moja. Wote walipona. Baba wa nyumba hiyo hata alimtumia mhadhiri salamu na shukrani kwa kazi nzuri ya kuelimisha jamii. Shukrani hizo zilimuuma kuliko matusi.

Kosa lilikuwa katika aina mbili. Uyoga wa kuliwa ulikuwa na kofia ya rangi ya maziwa. Ule wa sumu ulikuwa na kofia yenye kijani hafifu sana, kama maji yaliyochemshiwa majani machache mno. Maandishi ya bango yalitaja dalili nyingine pia, hasa kifuko kinachofichwa na udongo chini ya shina, lakini mhadhiri alijua kwamba watu hutazama picha kwanza, na wengi huishia hapo. Ndiyo maana alitaka kijani kile kitue karatasini kama kilivyokuwa kwenye skrini, bila kupungua hata chembe.

"Punguza njano tena," alisema. "Na uongeze mwanga."

"Nikuambie kitu, Shem? Skrini ni tajiri, ina mwanga wake yenyewe. Karatasi ni maskini, inangoja kupewa, na ikipewa inarudisha kidogo. Unataka maskini avae kama tajiri."

"Maelezo hayo ni sahihi kabisa," alisema mhadhiri kwa upole. "Punguza njano."

Akapunguza. Nakala ya nne ikatoka, ikapelekwa mlangoni, ikarudi na hukumu ileile. Kwenye benchi la wateja alikuwa amekaa mwashi mmoja aliyekuja kupigwa picha za kitambulisho, suruali yake ikiwa na saruji hadi magotini. Aliambiwa angoje dakika tano, na sasa alikuwa amengoja arobaini. Hakuonekana kukasirika. Aliifuata safari ya mhadhiri kutoka printa hadi mlangoni na kurudi, kama mtu anayetazama mpira.

"Huyu mzee anatafuta nini?" alimnong'oneza Mama Wino.

"Anatafuta kijani."

"Kimepotea?"

"Kipo. Ila yeye na kijani wamenuniana."

Nakala ya tano ilipofika mlangoni, mhadhiri alikaa nayo muda mrefu. Kisha bega lake moja lilishuka, halafu la pili. "Hii," alisema akiingia ndani kwa hatua za haraka. "Hii ndiyo. Sawasawa na skrini. Nilijua ni suala la subira tu."

Mama Wino, aliyekuwa akibadilisha karatasi kwenye trei, aliitupia nakala jicho moja akakunja uso, lakini akanyamaza. Kwa miaka yote ya utani wao alikuwa amejifunza kwamba shemeji yake husikia vizuri zaidi anapokosolewa na mtu mwingine.

"Tumjaribu mteja," alisema.

Mhadhiri aliridhia, maana jaribio ni jaribio. Alifungua kisanduku cha karatasi alichokiandika USIGUSE mara tatu, akamwonyesha mwashi uyoga halisi aliouchuma alfajiri ya siku hiyo kwa mikono yenye glavu. Kisha akaliweka bango juu ya meza. Lilikuwa na picha kumi na mbili, nazo Mama Wino akazifunika majina yake kwa vipande vya karatasi.

"Ndugu yangu, utazame huu bila kuushika. Ni upi hapa bangoni?"

Mwashi aliinama, akatazama kisanduku, akatazama bango. Kidole chake kikubwa kilisafiri polepole, kikatua kwenye kona ya chini, upande wa kulia.

"Huu. Tena nyumbani tunaupenda sana. Mke wangu anaukaanga na vitunguu."

Mama Wino akaondoa kipande cha karatasi. Uyoga wa kuliwa.

Mhadhiri aliegemea meza. Mbele ya macho yake hakuona mwashi tena. Aliona vitanda vitatu vya hospitali vimepangwa mstari mmoja. Akauinua uso kumtazama yule mtu, ambaye naye alikuwa akimtazama kwa huruma iliyochanganyika na udadisi.

"Samahani, mwalimu," alisema mwashi, "lakini utaonaje rangi na miwani ya jua humu ndani?"

"Miwani gani ya jua?"

Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, Mama Wino aligeuka akamtazama shemeji yake usoni. Lenzi za miwani yake zilikuwa za kahawia, kama chai ya rangi iliyokolea.

"Shemeji! Miwani yako imeiva!"

"Hii ni miwani yangu ya kusomea. Dada yako aliichagua mwezi uliopita. Ina lenzi zinazo..."

"Malizia."

"Zinazobadilika rangi zikipigwa na jua," alisema mhadhiri kwa sauti ya chini.

"Na wewe kila nakala unaipeleka wapi?"

Mhadhiri aliutazama mlango. Skrini aliitazama kivulini, kwa lenzi nyeupe. Kila karatasi aliitazama juani, kwa lenzi za kahawia. Unjano aliokuwa akiufukuza tangu asubuhi haukuwa karatasini. Kila alipoupunguza, aliondoa rangi halisi ya picha; kila alipoongeza mwanga, alipausha kilichobaki. Kijani kilififia, na kofia mbili zikawa nyeupe kama mapacha. Yote hayo yalifanywa kwa uangalifu mkubwa, kwa kufuata kanuni yake mwenyewe.

"Kuna methali moja inahusu nyani," alisema Mama Wino.

"Naijua."

"Siimalizii, kwa heshima tu. Wewe ni mkubwa."

Mwashi aligeuza uso ukutani, mabega yakimtikisika.

Mhadhiri alivua miwani, akaiweka mezani mbali naye, kama mtu anayemtenga shahidi mwongo. Akaiomba nakala ya kwanza, ile aliyoikataa kabla ya zote, akaenda nayo mlangoni. Bila miwani hakuweza kusoma hata neno moja aliloliandika. Maandishi yote yalikuwa yamegeuka moshi, na kilichosalia ni mabaka ya rangi. Na kijani kilikuwepo. Kilikuwa hafifu, kimepoa kuliko cha skrini, lakini kilikuwepo.

Jaribio likarudiwa kwa nakala hiyo. Mara hii kidole cha mwashi kilikwenda kona ya juu kushoto, ulipokuwa uyoga wa sumu. Kikasita, kikashuka hadi kona ya chini kulia, kikapanda tena.

"Ni huu," alisema. "Au ule kule. Nikifika huku nasahau wa huko ulivyo."

Saa ya ukutani ilionyesha saa nane na nusu. Mhadhiri aliketi. "Basi haiwezekani," alisema. "Karatasi haiwezi kutoa zaidi ya hapo. Nikikikoleza kijani nitakuwa nimedanganya. Mtu atauona ule halisi, atasema si huu, kwa kuwa wa kwenye bango ni wa kijani zaidi. Nitawaua kwa njia nyingine."

Mama Wino alivuta kiti akaketi karibu naye, na sauti yake ilipungua ukali.

"Shem, rangi haijulikani ikiwa peke yake. Mtu akija hapa na shati jeupe, nikamsimamisha kando ya karatasi, shati linageuka la njano. Mbona hawa wawili umewaweka mbali hivyo? Mmoja juu, mwingine chini, kama waliogombana."

"Wamepangwa kwa jamii. Hawa ni jamii mbili tofauti kabisa."

"Hata mimi na wewe ni jamii mbili tofauti kabisa. Dada akatuweka meza moja, na ndipo watu wakaijua tofauti."

Mhadhiri alifungua kinywa kumjibu. Mpangilio ule ulikuwa umemchukua miezi minne. Wenzake chuoni wangeuona umevurugwa na wangeuliza, kwa adabu, kama afya yake ni njema. Akakitazama kisanduku. Akawaza jiko fulani asilowahi kulitembelea, na mtu mwenye uyoga mkononi akipandisha na kuteremsha macho kati ya kona mbili za karatasi yake.

"Waweke pamoja," alisema. "Wagusane."

Mama Wino alifanya kazi kimya, jambo la nadra. Aliziweka picha mbili ubavu kwa ubavu katikati ya bango, akazikuza mara mbili, na rangi akaiacha ileile ya nakala ya kwanza. Nakala ya sita ikatoka. Maziwa yaliufanya ukijani uonekane. Ukijani uliyafanya maziwa yawe meupe zaidi. Mwashi hakusubiri kuulizwa. Alichungulia kisanduku, akapiga kidole juu ya meza.

"Huu. Na mwenzake siye." Kisha akaganda. "Ngoja kwanza. Huu ndio wa sumu?"

"Ndiyo."

"Ule niliosema mke wangu anaukaanga?"

"Uliosema, ndiyo."

Mwashi alifuta paji la uso kwa kiganja chenye saruji. "Naomba bango moja, mwalimu. Na hizo picha zangu tutapiga hata kesho, leo uso wangu umeshaharibika."

Printa ikaanza kuyatema mabango, na Mama Wino akayapanga kwa makumi. Mhadhiri alichukua la kwanza, akalikunja kwa mviringo, akamkabidhi mwashi kwa mikono miwili.

"Utalibandika wapi?" aliuliza.

"Jikoni."

"Jikoni kwenu kuna mwanga?"

Mwashi alifikiri. "Kuna moshi. Basi nitalibandika nje, ubavuni mwa mlango, pale mke wangu anaposafishia mboga."

"Umesikia, Shem?" alisema Mama Wino, mikono yake imejaa karatasi. "Umefundisha miaka ishirini na minane, umempata mwanafunzi leo." Akamsogezea trei iliyojaa. "Sasa njoo uhesabu. Bila miwani hiyo."